Spika na Sikio la Mzee

Katika miaka yangu ya ualimu, methali niliyoipenda kuliko zote ni "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Niliiandika ubaoni kila muhula ulipofunguliwa. Sikujua kwamba uzeeni ingenigeukia mimi mwenyewe.

Mjukuu wangu anasoma chuo Mwanza. Kila Jumapili jioni huzungumza nasi kwa kompyuta iliyo juu ya meza yangu ya kuandikia, na sauti yake hutoka katika spika mbili ndogo zilizowekwa pale pale mezani. Jumapili moja nilimsikia akisema, "Babu, nimesahau." Nikamkemea: "Umesahau tena? Mtu mzima wewe!" Akanyamaza. Mke wangu, aliyekuwa amekaa juu ya kigoda akichambua mchele, akainua kichwa akasema, "Mzee, mtoto anasema amefaulu."

Niliona haya. Lakini jambo lililonisumbua usiku ule ni jingine. Mke wangu na mimi tumepishana miaka miwili tu, naye alikaa mbali na spika kuliko mimi. Iweje asikie yeye?

Kesho yake nikakaa juu ya kile kigoda, nikafungua hotuba moja niliyohifadhi katika kompyuta. Maneno yakaja yamenyooka. Niliporudi kitini, yakafifia. Nikachukua futi kamba. Mdomo wa spika ulikuwa sentimita 87 kutoka sakafuni, na sikio langu, nikiwa kitini, sentimita 115. Spika zilikuwa zikizungumza na kifua changu.

Sababu yake ni hii. Sauti nene ina mawimbi marefu: sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita tatu na zaidi, nayo husambaa chumba kizima. Sauti nyembamba yenye mitetemo 10,000 ina wimbi la sentimita tatu na kitu, nayo huelekea mbele kama mwanga wa tochi. Nguvu ya irabu imo zaidi katika sauti nene. Herufi kama s na f hutegemea sauti nyembamba, na hizo ndizo sikio la mzee huanza kuzipoteza. Zaidi ya hayo, sauti nyingine hugonga uso wa meza, ikarudi imechelewa kidogo na kuichafua ile ya kwanza. Kumbe kila nilipoongeza sauti nilikuwa naongeza zaidi irabu na kelele.

Kwanza niliinua spika moja kwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu na vitabu vingine, na ya pili kwa madaftari ya zamani ya mahudhurio. Zikayumba. Nikajaribu matofali ya kuchoma, yakaikwaruza meza. Mwishowe fundi seremala akanitengenezea visanduku viwili vya kimo cha sentimita 28, nami nikaviwekea chini vipande vya kandambili kuukuu ili visitetemeshe meza. Asiye na fundi na aweke kipande cha ubao chini ya ukingo wa mbele wa spika, mdomo uelekee juu sikioni, atapata nafuu. Dawa ya sikio si hiyo, na hospitali nilikwenda pia.

Shughuli hii ilinikumbusha mvulana mmoja niliyemfundisha mwaka 1978. Alikaa dawati la nyuma, na majibu yake yalikuwa karibu na swali lakini si lenyewe. Nilimwita mzembe, na nilimchapa. Chuo cha ualimu walitufundisha kwamba mwalimu asizungumze akiwa ameligeuzia darasa mgongo. Jambo hilo nililijibu vizuri katika mtihani, kisha kwa miaka mingi nikaeleza masomo huku uso wangu ukiwa ubaoni. Yule mtoto sikuwahi hata kumhamishia dawati la mbele.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mjukuu wangu anirudie ile habari yake. "Nimefaulu, Babu," akasema, na ile f nikaisikia. Nikampongeza, nikamwomba radhi. Yule mvulana sijui yuko wapi siku hizi. Naye nina radhi yake.