Dawa ya Kuzuia Joto la Farasi na Madhara Yake

Katika mwezi wa Shaabani swali lilitufikia msikitini kupitia kwa mama mmoja wa mtaa wetu. Binti yake anafanya kazi katika banda la farasi huko Ghuba, na hedhi yake, ambayo tangu kubalehe ilikuwa na mazoea ya siku 6, ilivurugika kwa miezi mitatu. Mara haiji kabisa, mara yaja matone matone hata siku 20. Ramadhani ilikuwa inakaribia, naye alitaka kujua aswali na afunge vipi. Imamu alimjibu kwa utaratibu wa vitabu vya fiqhi, akambainishia siku za ada yake na hukumu ya damu ya istihadha. Jibu lilitosha kwa upande wa ibada. Hata hivyo, tulipokuwa tukiliandika ili limfikie, tuliona tumuulize pia kazi yake ya kila siku ni ipi. Akaeleza kwamba kila asubuhi huwanywesha farasi majike tisa dawa ya mafuta ili wasipate joto, na kwamba mafuta hayo humchuruzikia mikononi. Glavu hakupewa.

Dawa hiyo huitwa altrenojesti. Ni homoni iliyotengenezwa kuiga projesteroni, ile ambayo mwili wa jike huitoa yenyewe baada ya yai kupevuka na wakati wa mimba. Nayo hupenya ngozi. Waitengenezao wameandika kwenye chupa kwamba mwenye mimba, au anayedhani anayo, asiiguse, na kwamba mwanamke aliye katika umri wa kuzaa achukue tahadhari kubwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekwisha kutahadharisha kuhusu wanawake na wasichana waliovurugikiwa na hedhi baada ya kuishika, na madhara hayawaachi wanaume pia. Daktari aliyemwona binti yetu alimtaka aache kuigusa, na baada ya miezi miwili ada yake ilirejea, alhamdulillahi.

Kwa nini farasi hupewa dawa hii? Farasi jike, msimu wake ukifika, hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hilo hudumu siku 5 hadi 7. Katika siku hizo hukojoa mara kwa mara, huinua mkia, hupiga mateke, na pengine hukataa kumtii ampandaye. Mwenye farasi wa mashindano huiona hali hiyo kuwa ni hasara. Nasi tunastaajabu, kwani Mabedui wa Bara Arabu waliwapenda majike kuliko madume kwa safari na vita, wakahesabu nasaba za farasi kwa upande wa mama, na dawa hizi hawakuwa nazo.

Wengi hudhani kwamba joto ni ukorofi tu wa mnyama. Lakini katika siku hizo shingo ya kizazi hulegea, misuli ya kizazi hujikaza na kusukuma nje uchafu, na kinga ya mwili huwa na nguvu zaidi mahali pale. Projesteroni hufanya kinyume chake: mlango hufungwa, misuli hutulia na kinga hupungua. Vijidudu vilivyokuwamo hupata makazi, na jike mwenye uvimbe mdogo wa kizazi aweza kuishia na maradhi makubwa yatakayomnyima uzazi. Ndiyo maana dawa hii imekatazwa kwa jike aliyewahi kuugua kizazi. Tuseme kweli, jike mzima aliyepimwa na daktari wa mifugo kwa kawaida hurudia mzunguko wake dawa ikiachwa, na wapo wanaoitumia kwa uangalifu na kwa sababu njema. Lawama yetu ni kwa wanaoimimina kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila ya kumpima mnyama hata mara moja.

Kupima kuna faida nyingine. Mara nyingi jike anayepiga mateke na kukataa tandiko huwa na maumivu ya mgongo au vidonda vya tumbo, au hata uvimbe katika kokwa za mayai ambao humbadilisha tabia akawa kama dume. Akinyweshwa dawa ya joto, mwenye farasi hujiona amekwisha kufanya tiba, na ugonjwa huendelea chini kwa chini.

Njia nyingine zina misukosuko yake. Kwa miaka mingi walitia gololi ya kioo ndani ya kizazi ili mwili usirudi katika joto. Kwa majike wengi haikufaa, na zipo gololi zilizovunjikia humohumo au kunasa zisitoke. Kuna chanjo inayozuia homoni za uzazi kutoka ubongoni, na baadhi ya majike walikaa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa kabla ya kurejewa na uzazi. Kutoa kokwa za mayai ni jambo lisilorudishwa tena.

Wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani juu ya kuhasi wanyama, na farasi hasa. Wapo waliokataza, na wapo walioruhusu palipo na manfaa na pasipo na madhara. Hatutoi fatwa, lakini kwa maoni yetu suala hili halitengani na lile, na kushinda mbio ni manfaa madogo mno ya kuhatarishia kizazi cha mnyama ambaye Qur'ani ina sura, Al-Aadiyaat, iliyopewa jina la wenziwe waendao mbio.

Wenye watoto katika mabanda ya farasi, Oman, Imarati au kwingineko, wawaulize juu ya chupa hii. Glavu ziwe za nitraili au vinyili, kwani zile za lateksi haziizuii dawa hiyo. Ikimwagikia ngozi, ioshwe papo hapo kwa sabuni na maji. Bomba la kunyweshea lisiachwe juu ya meza ya chakula, na nguo za kazi zisichanganywe na za nyumbani. Aliye na mimba amwambie msimamizi wake mapema apangiwe kazi nyingine, na akikataliwa atuandikie, kamati itazungumza na wahusika.