Nimebadili Simu: Ramani Ipi Itanifikisha Shambani?

Mimi ni bwana shamba wa Tumbi, Kibaha. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima. Leo niko Soga, kesho niko Mlandizi, na mara nyingine navuka mpaka kwenda kumwona mwenzangu upande wa Kisarawe. Mashamba ninayoyafuata hayana vibao. Ukiuliza njia utaambiwa, "Nenda mpaka kwenye mwembe mkubwa, pinda kushoto, ukiona nyumba ya bati jipya uliza tena." Siku hizi kila nyumba ina bati jipya.

Kwa hiyo simu yangu ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Ndani ya simu kuna ramani, na juu ya ramani nimeweka alama za mashamba zaidi ya 80. Kila alama ina jina la mkulima, mbegu aliyopanda, na tarehe niliyoona ugonjwa wa batobato au michirizi ya kahawia kwenye muhogo wake.

Mwaka huu simu hiyo imechoka. Ilikuwa ya Android. Kioo kilipasuka, na betri ikawa haifiki saa sita mchana. Mtoto wa dada yangu anayefanya kazi Dar es Salaam akanipa iPhone aliyokuwa akiitumia yeye. "Mjomba, chukua hii, mimi nimepata nyingine." Nilishukuru sana. Lakini usiku ule sikulala mapema. Alama zangu 80 zitahamaje? Na ramani niliyoizoea, je, imo kwenye simu hii?

Ndugu msomaji, huenda nawe utakutana na swali hili. Watu wanabadili simu kila siku. Dereva wa bodaboda anabadili, muuguzi wa zahanati anabadili, mwenye lori anabadili. Nitaeleza niliyoyaona.

SIMU INAJUAJE MAHALI ULIPO?

Kwanza tuondoe jambo moja linalowatatiza wengi. Watu husema, "Sina kifurushi, kwa hiyo ramani haitafanya kazi." Hii ni kweli nusu tu.

Juu angani, umbali wa kilomita 20,000 hivi, kuna satelaiti zinazoizunguka dunia. Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya mfumo wake wa GPS mwaka 1978. Urusi nayo ina mfumo wake, Ulaya ina wake, na China ina wake. Simu nyingi za leo husikiliza satelaiti za mifumo hiyo yote. Nasema husikiliza, kwa sababu simu haitumi kitu kwenda juu. Inapokea tu, kama redio. Je, redio yako inataka kifurushi ili upate taarifa ya habari? Haitaki. Vivyo hivyo, simu inaweza kujua mahali ulipo bila kifurushi, hata bila laini ndani yake.

Ukisimama mahali peupe, simu hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya minazi na miembe iliyosongamana inakosea zaidi. Pia simu iliyokaa muda mrefu bila mtandao huchukua dakika kadhaa kuzipata satelaiti. Usiipigepige. Isimamishe mahali pa wazi, ungoje.

Kinachotaka mtandao ni picha ya ramani yenyewe: barabara, mito na majina. Kama picha hiyo haimo ndani ya simu, utaona kidoa kinachoonyesha ulipo katikati ya karatasi nyeupe. Kidoa bila barabara hakimfikishi mtu popote.

MIHOGO HAINGOJI

Kwa nini nalikazania jambo hili? Msimu uliopita mama mmoja upande wa Soga alipata mnunuzi wa mihogo mibichi kutoka mjini. Walikubaliana bei kwa simu. Mama akaita vibarua, wakang'oa siku ya Jumanne ili lori lipakie Jumatano asubuhi. Dereva alikuwa mgeni. Aliandika jina la kijiji kwenye programu yake ya ramani na kuifuata. Programu ikamtoa kwenye barabara ya vumbi na kumwingiza kwenye njia ya baiskeli. Kwenye ramani mstari ule ulikuwa mweupe na mnyoofu, kama barabara yoyote. Kumbe mbele kulikuwa na korongo.

Lori lilikwama mpaka jioni. Kilichofuata ni mvua. Lori lilifika shambani siku ya Ijumaa.

Wakulima wenzangu mnajua. Muhogo ukishang'olewa, ndani ya siku mbili au tatu unaanza kuharibika. Ukiuvunja unaona mistari ya buluu na nyeusi. Mnunuzi alichukua magunia machache, mengine akayakataa. Mama yule akabaki anamenya na kuanika makopa, na bei ya makopa siyo bei ya muhogo mbichi. Vibarua walikuwa wanadai pesa zao.

Dereva hakuwa mvivu. Hata ramani yenyewe siwezi kuilaumu yote, kwa kuwa aliyechora mstari ule alichora akiwa mbali, akitazama picha iliyopigwa kutoka angani. Picha ya angani haionyeshi vizuri kina cha korongo.

PROGRAMU NILIZOLINGANISHA

Ya kwanza ni Google Maps. Hii ilianza mwaka 2005, na ndiyo watu wengi wanayoijua, kwa sababu simu nyingi za Android huja nayo. Habari njema ni kwamba kwenye iPhone pia inapatikana bure. Mahali ulipopahifadhi panakaa kwenye akaunti yako ya barua pepe, siyo kwenye simu. Ukiingia kwenye simu mpya kwa akaunti ile ile, unavikuta vyote. Basi usisahau neno lako la siri. Wapo watu waliofunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku waliponunua simu, na mpaka leo hawaijui anwani yao wenyewe. Watu hao wakibadili simu wanaanza upya.

Google Maps hukuruhusu kupakua eneo, kwa mfano Kibaha na Kisarawe, ili ulitumie bila mtandao. Lakini hapa pana jambo. Bila mtandao itakuelekeza kama mtu anayeendesha gari tu. Maelekezo ya mtembea kwa miguu hayapatikani. Na ramani uliyopakua ina muda wake, usipoihuisha inaondoka.

Ya pili ni Apple Maps, ramani ya wenyewe wenye iPhone. Ilitoka mwaka 2012, na mwanzoni ilikuwa na makosa mengi hata mkuu wa kampuni, Tim Cook, akaomba radhi mbele ya dunia. Tangu hapo imetengenezwa sana. Kupakua ramani kwa matumizi bila mtandao kulikuja mwaka 2023, na kwa simu ambazo siyo za zamani sana. Kasoro yake kwetu ni kwamba haina programu ya Android. Ukiweka alama zako zote humo, halafu kesho ukarudi kwenye Android, alama zinabaki nyuma. Ni kama kuhifadhi mahindi kwenye ghala ambalo ufunguo wake ni wa nyumba moja tu. Mimi siweki alama za kazi humo.

Waze ni ya watu wa foleni. Inategemea mtandao, na inategemea madereva wengi wanaoendesha na kutoa habari: hapa pana ajali, hapa pamefungwa. Kuanzia Mbezi kwenda mjini inasaidia. Ukiingia porini, dereva wa kutoa habari ni wewe peke yako.

Sasa nakuja kwa zile ninazozipenda, Organic Maps na OsmAnd. Zote mbili zipo kwa Android na kwa iPhone. Unapakua ramani mara moja ukiwa na mtandao, kisha unazima mtandao na kwenda zako. Hukupa njia ya gari, ya baiskeli na ya miguu, zote bila kifurushi. Organic Maps ni nyepesi, haina matangazo ya biashara, na mtu mzima asiyezoea simu huielewa upesi. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, hata mistari ya miinuko na mabonde, lakini vitufe vyake ni vingi na mgeni hupotea ndani ya programu kabla hajapotea njiani.

Alama zangu 80 zilikuwa kwenye Organic Maps. Kuhamisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nilifungua orodha ya alama, nikachagua kuituma kama faili, nikajitumia kwa barua pepe, nikaifungua kwenye simu mpya. Zote zikatokea, na majina ya wakulima yamo.

Wenye simu za Huawei nao wana habari yao. Simu mpya za kampuni hiyo zilizotoka tangu mwishoni mwa mwaka 2019 haziji na Google Maps, kwa sababu ya amri za biashara za Marekani. Huawei wakaleta ramani yao, Petal Maps, mwaka 2020. Anayehamia huko asianze kulia. OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi humo pia.

NANI ANACHORA NJIA ZA KIJIJI?

Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani iitwayo OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Ramani hii haina tajiri anayeimiliki peke yake. Mtu yeyote anaweza kuongeza njia, kisima au shule, na watu wote duniani wakaiona.

Sisi Watanzania tumeifanyia kazi kubwa. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria katika Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo pamoja na wananchi wa mitaa walizunguka maeneo yanayofurika maji, wakaandika mifereji, nyumba na vichochoro. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Crowd2Map kwa ajili ya vijijini. Huko Serengeti, mkoa wa Mara, Rhobi Samwelly na wenzake wana nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji. Taarifa ilikuwa inakuja usiku kwamba msichana fulani, kijiji fulani, yumo hatarini. Lakini kijiji kiko wapi? Njia ipi? Watu wa kujitolea walichora barabara na nyumba kutoka kwenye picha za angani, na wenyeji wakajaza majina kwa simu zao. Waokoaji wakapata kufika. Hapo ndipo nilipoona kwamba ramani siyo mchezo wa watu wa mjini.

Mtaniuliza, "Bwana shamba, si tumeshawekewa anwani za makazi?" Ndiyo. Kazi ile ilifanywa nchi nzima mwaka 2022, na programu ya NaPA inaonyesha anwani hizo. Inasaidia kufika nyumbani kwa mtu. Lakini anwani ile ni ya makazi. Shamba la muhogo lililo kilomita mbili nyuma ya nyumba halina namba mlangoni.

Kurekebisha barabara kwenye OpenStreetMap, mwenye Android anatumia programu iitwayo Vespucci. Mwenye iPhone anatumia Go Map!!. Hapa ndipo kubadili simu kulinipa kazi, kwa maana Vespucci haipo kwenye iPhone. Ilibidi nijifunze upya. Nilianza na ile njia ya lori. Niliitembea kwa miguu mpaka kwenye korongo, nikaandika kwamba ni njia ya miguu, gari haipiti.

NAMBA ZA SHAMBA

Kuna kitu ambacho hakijali simu yako ni ya aina gani. Ni namba za mahali. Kila mahali duniani pana namba mbili. Huku kwetu Tumbi namba ya kwanza huanza na 6, na mbele yake pana alama ya kutoa, maana yake tuko kusini mwa ikweta. Namba ya pili huanza na 38. Kisha hufuata nukta na tarakimu nyingine. Ukiandika tarakimu tano baada ya nukta, umeonyesha mahali kwa karibu mita moja. Ukipunguza tarakimu, eneo linapanuka, na mgeni anaweza kuishia kwa jirani.

Namba hizi ni rahisi kuzipata. Kwenye Google Maps bonyeza mahali kwa kidole bila kuachia, namba zitatokea. Ziandike kwenye daftari. Mtumie dereva wa lori kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Aziandike kwenye programu yoyote aliyo nayo, atafika kwenye mlango wa shamba. Lakini mpe namba za mahali lori linapoweza kusimama, siyo za katikati ya matuta.

Sasa nina daftari la kurasa 96 lenye namba za mashamba yote 80. Mvulana mmoja ofisini alinicheka kwamba nimerudi enzi za kalamu. Nilimwambia daftari halijawahi kuniomba neno la siri.

Simu ile ya zamani sikuitupa. Haina laini, kioo chake kina ufa, lakini satelaiti bado inazisikia. Nimeiwekea ramani ya Organic Maps na kuwaachia vijana wa kikundi cha mihogo cha Soga, pamoja na chaja. Wiki iliyopita wameniletea njia tatu ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Moja inapita karibu na shamba la mama yule, na wanasema lori linapita hata masika. Jumamosi nitakwenda kuikagua.