Laktasi, maziwa na safari ya ukweni

Nilipotea kidogo, tulikuwa kwenye msuli wa bayokemia na vimbweta vimejaa hadi usiku. Leo sina stori ya bumu. Leo ni vimeng'enya. Usikimbie, ukweni kumo ndani yake.

Mwenzangu wa chumba ni mtoto wa Lindi, mchumba wake Mmasai wa Monduli. Mwezi ujao anakwenda kujitambulisha. Tatizo ni kwamba akinywa kikombe cha maziwa tu, saa mbili haziishi tumbo linanguruma kama daladala bovu, na mbio za chooni zinaanza. Sasa ukakatae maziwa kwa wafugaji, siku ya kwanza! Jamaa alishaanza kumeza dawa za vidonda vya tumbo, bumu imeishia duka la dawa. Bwenini wengine wanasema karogwa. Jamani!

Mambo yako hivi. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, yaani glukosi na galaktosi zilizoshikana. Utumbo hauifyonzi mpaka hizo mbili zitengane, na kutengana kunadai nishati ya kuanzia, kama kilima cha kupanda kabla ya kuteremka. Kwa joto la mwili, nyuzi 37, laktosi yenyewe ingebaki imeganda hapo chini. Hapo ndipo inaingia laktasi, kimeng'enya cha kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Yenyewe haimsukumi mtu mlimani, inafupisha kilima. Laktosi inaingia kwenye kishimo chake, inakatwa, vipande vinatoka, laktasi inabaki vile vile ikisubiri nyingine. Ni dalali anayekamilisha biashara bila kula cha juu! Ndiyo maana kiasi kidogo tu kinafanya kazi kubwa.

Ila kila kimeng'enya na kazi yake. Mwaka 1894 Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo. Kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga wa ugali hakiwezi kuikaimu laktasi, hata ubembeleze vipi.

Na kwa watu wazima wengi duniani, kama theluthi mbili, laktasi hupungua sana baada ya utoto. Laktosi inashuka nzima hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Ndiyo ile daladala. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani, wakaonyesha mabadiliko ya kijenetiki yanayofanya laktasi iendelee hadi ukubwani, hasa kwa jamii za wafugaji. Kwa hiyo ukweni wana ufunguo, jamaa hana. Hapo hakuna mgonjwa wala mchawi.

Dawa yake ni mtindi. Bakteria wanaogandisha maziwa wana vimeng'enya vyao, sehemu ya laktosi wameshaivunja kabla hujanywa. Jamaa kajaribu wiki nzima, kikombe kidogo pamoja na chakula, tumbo kimya. Na Wamasai wenyewe wanagandisha kwenye vibuyu, heshima ipo pale pale. Mchumba alipoelezwa akacheka: "Kumbe unaogopa maziwa? Nilidhani unamwogopa baba."

Tumbo likikusumbua hata bila maziwa, nenda kapimwe, usinunue dawa kwa kubahatisha. Haya, narudi kwenye msuli. Ya Monduli nitawaletea!