Kuosha Motokaa Kwetu Bukene

Imepata miaka minne tangu niliponunua motokaa. Si mpya; ilikwisha kutumika huko Japani zaidi ya miaka kumi kabla haijavuka bahari na kushushwa Dar es Salaam, nami nalilipa bei yake kwa mkopo ulionikondesha. Rangi yake ni buluu iliyokoza. Wenzangu walinionya kwamba rangi ya namna hiyo si ya nchi ya vumbi, nami sikuwasikiliza. Basi leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza kuiosha, kwa maana nalianza vibaya, na ubaya wenyewe haukuishia kwenye motokaa.

Bukene ni stesheni katika njia ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, ambayo ilifika ziwani mwaka 1928. Lakini mwenye kazi vijijini hapandi treni, hupita njia za udongo. Tangu Mei hata Oktoba mvua ni haba mno, na vumbi huingia hata ndani ya kabati la vyombo. Mvua zikija, mbuga hulowa, na udongo wake mweusi hung'ang'ania magurudumu kama ukoko wa ugali katika sufuria. Hakuna mwezi ambao motokaa hukaa safi yenyewe.

Mara ya kwanza naliiosha siku ya Jumamosi, saa sita mchana, uani pasipo kivuli. Nalichukua sabuni ya unga, ile ya kufulia nguo, nikaikoroga katika ndoo hata ikatoa povu jingi, nikatwaa na dodoki lililokuwa bafuni. Nalianza na magurudumu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa machafu zaidi, kisha kwa dodoki lilo hilo nikapanda milangoni, na kwenye boneti, na juu ya paa. Nalisugua kwa nguvu zangu zote. Povu lilikauka kabla sijalisuuza, nikamwaga maji tena na tena, hata nikamaliza ndoo nne za lita 20. Jioni, jua lilipokuwa linakuchwa na kupiga ubavuni, naliona mikwaruzo midogo ya mviringo imeenea mwili mzima wa motokaa, mfano wa utando wa buibui.

Siku ya Jumatatu nalimpelekea fundi mmoja mzee. Akainama, akatazama, akapitisha kidole.

"Mwalimu," akasema, "hii umeiosha, au umeipiga msasa?"

Nalicheka, lakini kicheko cha aibu. Ndipo aliponifahamisha kwamba motokaa nyingi za siku hizi zina rangi ile tuionayo, na juu yake limepakwa tabaka jingine lisilo na rangi, ling'aalo kama kioo, ambalo unene wake haupiti unywele. Vumbi letu ni mchanga uliosagika, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko tabaka hilo. Basi mtu akisugua vumbi lililokauka, ijapokuwa kwa kitambaa laini, anasugua rangi kwa mchanga. Yafaa kwanza maji yaiteremshe ile mchanga, na sabuni iifanye itelezeke, ndipo mkono upite juu yake, tena kwa wepesi. Naye alikataza kabisa kuanza na magurudumu, kwa sababu mchanga wa chini wote nalikuwa nimeupandisha juu kwa mkono wangu.

Hasara ya rangi naliimeza. Lakini neno la maji ndilo lililonichoma. Mwaka ule mwezi wa Oktoba kisima tulichokitegemea kilipungua sana, na foleni ya ndoo ilianza kabla ya mapambazuko. Mimi nalikuwa na desturi ya kuwatuma wanafunzi waniletee maji nyumbani, kama walivyofanya walimu walionifundisha mimi, wala sikupata kujiuliza kama ni haki. Siku moja ya Ijumaa naliita majina ya darasa la 5, na mtoto mmoja wa kike hakuitika. Aliingia somo la hesabu likiwa limekwisha, mabega yake yamelowa.

Nikamwuliza kwa ukali, "Ulikuwa wapi?"

Akajibu kwa adabu, macho chini, "Kisimani, Mwalimu. Foleni ilikuwa ndefu. Nalikuwa nakuchotea maji ya gari."

Darasa zima lilinyamaza likinitazama. Somo alilolikosa lilikuwa la kujumlisha sehemu, na mwalimu wa somo hilo nalikuwa mimi. Alasiri naliwakalisha yeye na wenzake wawili waliokuwa nyuma, nikalirudia somo toka mwanzo. Ile ndoo ilikaa mlangoni kwangu siku mbili. Sikuwa na moyo wa kuigusa, mpaka mama watoto akaichukua akapikia maharagwe.

Sisi watu wa Unyamwezi tunajisifu kwa babu zetu wapagazi. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa na pembe za ndovu zilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka pwani, na mzigo wa kawaida wa mtu mzima ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mtoto wa darasa la 5 ana miaka kumi na mmoja. Na mpagazi alilipwa.

Tangu siku ile simtumi mtoto maji ya motokaa. Nayachota mwenyewe kwa baiskeli, madumu mawili yakining'inia nyuma, nami naweza kuwahakikishia kwamba hakuna mwalimu wa uchumi awezaye kumfundisha mtu kubana maji kama kile kilima kidogo kilicho kati ya kisima na nyumba yangu. Zile ndoo nne zimekuwa ndoo moja na nusu.

Nifanyavyo sasa ni hivi. Naiosha asubuhi na mapema, motokaa ikiwa imepoa, upande wa nyumba wenye kivuli. Nalitoboa matundu madogo chini ya kopo la maziwa ya unga, likawa kama mvua ya mkononi. Kwa kopo hilo nanyunyiza toka paani kushuka chini, polepole, kisha nangoja kidogo ili vumbi lilainike. Sigusi kitu bado. Halafu naweka ndoo mbili, moja yenye maji ya sabuni na ya pili yenye maji matupu, kila moja haifiki nusu. Kitambaa huchovywa katika sabuni, hupitishwa sehemu moja tu ya bati, kisha husuuzwa katika maji matupu kabla hakijarudi kwenye sabuni. Ukitazama chini ya ile ndoo ya maji matupu baada ya kazi, utauona mchanga umetulia. Huo wote ungalikuwa umekwisha kuipiga rangi msasa. Milango ya chini huja baada ya boneti, na magurudumu huwa ya mwisho, nayo yana tambara lao wenyewe, ambalo halipandi juu kamwe. Mwisho nasuuza kwa lile kopo, nikaikausha motokaa kwa taulo, kwa kubonyeza wala si kwa kusugua.

Juu ya kitambaa watu hushindana sana. Dodoki lina nyuzi ngumu, liacheni bafuni. Sifongo ya godoro ni laini, lakini mchanga huingia katika vitundu vyake ukakaa humo. Fulana kuukuu ya pamba, iliyokatwa mishono, yafaa ikiwa safi. Mimi nalinunua Tabora kitambaa cha maikrofaiba, ambacho nyuzi zake huchukua vumbi ndani badala ya kulivuta juu ya rangi; kikianguka chini hakitumiki tena mpaka kifuliwe.

Sabuni nayo ina mambo yake. Nalijaribu sabuni ya mche, nikidhani iliyo ya bei nafuu ndiyo ya busara. Lakini maji ya kisima chetu yana chokaa, na sabuni ya mche ikikutana na chokaa hugeuka kuwa utando mweupe usioondoka, hata ukaharibu maji mengi zaidi kuusuuza. Sabuni ya unga haifanyi utando huo, bali ni kali, huondoa nta yote iliyopakwa juu ya rangi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa imetengenezwa ili kukata mafuta. Shampuu ya gari ni ghali ukiitazama dukani, lakini kifuniko kimoja chatosha ndoo, na chupa yangu imekaa karibu mwaka. Wakati wa masika nakinga maji ya mvua kwenye pipa chini ya bati la nyumba. Hayo hayana chokaa, hutoa povu upesi na hayaachi madoa yakikauka.

Nimetaja nta. Nchi ya Tabora ina sifa ya asali na nta tangu zamani, na jirani yangu mmoja mwenye mizinga porini alinishauri nipake nta ya nyuki badala ya kununua kopo la mjini. Naliona ni shauri zuri, nikaiyeyusha kidogo pamoja na mafuta, nikaipaka, ikang'aa ajabu. Watu waliisifu siku mbili. Siku ya tatu naliiacha juani mnadani, na nilipoirudia naliikuta paa limekuwa kama karatasi ya kunasia nzi. Vumbi la ng'ombe lote lilikuwa limeshika hapo. Sababu yake ni hii: nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hata 64, nayo hulegea kabla ya hapo, na bati la rangi ya giza katika jua letu huwa moto sana. Nta iliyomo katika makopo mengi ya dukani huitwa kanauba, hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao Brazili, nayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80. Hiyo naipaka mara moja kila miezi mitatu, kidogo sana, na faida yake ni kwamba vumbi huachia kwa maji machache. Jirani yangu hakukasirika. Alisema nta yake ni ya mishumaa, nami ndiye niliyeitia kwenye chuma.

Jambo jingine ni miembe. Watu wa misafara walituachia miembe mizuri, na kila mwenye motokaa hukimbilia kivuli chake. Lakini utomvu wake hudondoka, na popo na ndege hula juu yake na kunya humo humo, na mavi yao yana ukali ulao rangi yakikaa juani. Mimi huweka tambara lililolowa juu ya doa kwa dakika kadhaa, kisha naliinua bila kusugua.

Vijana wengine hupeleka pikipiki na magari yao lamboni, wakaosha huko huko na oili ikaelea juu ya maji wanywayo ng'ombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Naliwaambia hayo vijana wawili, wakaniamkia vizuri sana, wakaendelea kuosha. Mmoja wao siku nyingine alikuja kuniomba lile kopo lenye matundu alitazame.

Jumamosi iliyopita nalimaliza kuosha kabla jua halijapanda. Maji machafu naliyamwaga njiani mbele ya nyumba yatulize vumbi, mbali na bustani ya mchicha. Dumu la pili lilikuwa na maji safi zaidi ya nusu, nikalirudisha jikoni. Mama watoto akalitikisa asikie kiasi, akamimina sufuriani, akaniuliza kama nimekunywa chai.