Mti wa Nani?

Julai 1994 nilikuwa kijana wa kitaluni huko Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Kazi yangu ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia miche asubuhi na jioni. Tulikuwa tunaotesha miti ya kuni na makala kwa ajili ya vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Virunga, ili watu wasilazimike kuingia hifadhini. Ghafla, ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wakavuka mpaka. Wakapangwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, ubavuni mwa hifadhi iliyotengwa tangu 1925, kongwe kuliko zote barani Afrika. Alfajiri watu waliingia msituni kwa misururu, mapanga mikononi. Jioni walirudi na mizigo ya kuni vichwani. Haukupita muda, vilima vilivyokuwa na msitu vikabaki visiki na mawe meusi ya volkano.

Wengi tuliofanya nao kazi walisema mkimbizi ni adui wa msitu. Mimi nilipita kambini kila siku na sikuona adui. Niliona akina mama wanapika. Chakula cha msaada kilikuwa punje za mahindi na maharagwe makavu, na maharagwe makavu hayaivi upesi, yanakula kuni kwa saa nyingi. Anayempa mtu maharagwe bila kumpa cha kupikia amemtuma msituni yeye mwenyewe. Jambo hilo nililiamini nikiwa na umri wa miaka ishirini na ushee, na kazi yote niliyoifanya baadaye imenithibitishia.

Kambi zile zilivunjwa mwaka 1996 katika vita ambavyo sina haja ya kuvisimulia hapa. Nilikwenda chuo cha kilimo, nikarudi vijijini na jina jipya: kwetu bwana shamba huitwa agronomu, na mpaka leo wapo wanaoniita hivyo tu. Mwaka 2007 shirika la WWF lilipoanzisha mradi wa EcoMakala nilikuwa miongoni mwa waliozunguka vijijini kuueleza. Jiji la Goma linapikia makala, na makala mengi yalikuwa yanatoka Virunga. Basi mkulima apande mikaratusi, mikesia na grivilea kwenye shamba lake, asaidiwe miche na fedha kidogo, na akivuna auze makala yake kwa uhuru. Waliokuwa na ardhi walipanda. Waliokuwa wapangaji kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe, hasa upande wa Masisi, walinisikiliza kwa heshima, wakanipa kiti na chai, na hawakupanda hata mmoja. Mzee mmoja alinisindikiza njiani akaniambia, "Agronomu, mihogo naipanda kwa sababu nitaila mwaka huu. Mti unanihitaji niwepo, na mimi sijui kama nitakuwepo." Tangu siku ile kila nilipofika mahali papya nilianza na swali moja: mti utakaopandwa hapa utakuwa wa nani?

Oktoba 2008 waasi wa CNDP waliiteka Rutshuru. Tulivuka mpaka wa Bunagana na umati, tukafika Kisoro, Uganda, na kutoka huko malori yakatuleta Nakivale. Vijana hunitaka niisimulie safari hiyo kwa kirefu, nami huwaambia kuwa kila jirani wa hapa anayo ya kwake. Ninachopenda kusimulia ni nilichokiona tuliposhushwa: ziwa lenye matete, vilima vya nyasi vilivyokauka, migunga mifupi hapa na pale, na mbali sana mwanamke amebeba kuni. Nikajua kazi yangu imenitangulia.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na ikawapokea Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na ni moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Iko wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, si mbali na mpaka wa Tanzania. Wako Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na sokoni Base Camp Kiswahili ndicho kinachopatanisha bei. Uganda haizungushii wakimbizi senyenge. Sheria ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kiwanja na kipande cha kulima. Ni ukarimu mkubwa, nami nausema waziwazi kila ninapopata nafasi. Lakini kipande kile ni cha kutumia tu. Ardhi inabaki ya serikali, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nililiona swali la Masisi limenifuata hadi ng'ambo ya mpaka.

Nilianza kwa kujitolea, halafu shirika moja likanipa posho, na miaka ikapita hadi nikakabidhiwa programu nzima ya miti katika kanda zote tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Kabla ya yote hayo tulitengeneza kitalu karibu na maji ya ziwa, chanja ya matete juu, matuta chini.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu mbegu, maana wakubwa wanaotembelea miradi huziruka. Grivilea ina vibegi vidogo ambavyo vikikomaa hupasuka vyenyewe na kumwaga mbegu nyepesi zenye bawa jembamba. Ukichelewa kidogo umepata maganda matupu. Ukiwahi, mbegu ni changa na haioti. Mama mmoja wa Masisi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa akipasua kibegi kimoja kwa ukucha, anaitazama rangi ya ndani, kisha anaamua kama mti ule uchumwe leo au uachwe. Sikumwona akikosea. Musambya nao una maganda marefu kama mijeledi, na ndani mbegu zimepangwa na mabawa meupe. Ukizisia siku ya upepo bila kuzifunika kwa udongo mwembamba, jioni hutazikuta. Mama huyo ndiye niliyemfanya mkuu wa kitalu. Baadhi ya wasomi hawakufurahi.

Isingiro ni nchi kavu. Ukipanda mwanzoni mwa mvua za Septemba mche unapata miezi michache ya kushika mizizi, halafu Januari inaujaribu. Ukipona, Juni hadi Agosti inaujaribu kwa ukali zaidi. Mchwa humalizia kilichobaki, na wanaupenda mno mkaratusi mchanga. Kwa hiyo nilikataa kuandika kwenye ripoti idadi ya miche iliyogawiwa peke yake. Nilidai tuhesabu iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Ripoti zikawa na tarakimu ndogo na wafadhili wengine wakanuna, lakini tulianza kujifunza: musambya unavumilia, grivilea inapona ikipandwa pembeni mwa shamba lenye maharagwe kwa sababu palizi ya maharagwe ndiyo palizi yake, na parachichi hakuna anayelipoteza, maana linamwagiliwa na watoto.

Sambamba na miti tulifundisha kupika. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Mafiga matatu yapishe jiko bora la udongo wa kichuguu uliokandwa na nyasi, ambalo mama analijenga mwenyewe bila kununua kitu. Kuna wanaodhani haya si mambo ya msitu. Kwangu jiko ni idara ya misitu. Kuni zilipopungua karibu na nyumba, wanawake walikuwa wakienda mbali hadi kwenye mashamba ya wenyeji, na huko walikutana na kufukuzwa, kulimishwa siku nzima kwa mzigo mmoja, au mabaya zaidi ya hayo. Kila kuni isiyowaka bure ni njia ambayo binti hakulazimika kuipita peke yake.

Mkutano uliobadilisha programu yetu ulifanyika Rubondo, chini ya mgunga. Walikuwepo cheyamani wa LC1 (baraza la kijiji) wa wenyeji, cheyamani wa wakimbizi, wafugaji wa Kinyankole na fimbo zao, na akina mama wengi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri juu ya mvua na rutuba. Mzee mmoja mfugaji akainuka kabla yangu. Alisema, na kijana akatafsiri, "Wageni wetu wakipanda mahindi nalala usingizi. Wakipanda miti nakesha, kwa sababu mti ni mpaka." Kwa Wanyankole, kama kwa wengi wetu, mti uliopandwa ni ushahidi wa umiliki, na mzee alikuwa na haki ya kuogopa; ugomvi wa ardhi kati ya wenyeji na wakimbizi hapa ni wa miaka mingi. Kisha akasimama mama mmoja wa Kikongo. "Agronomu wangu," akasema, "jina langu liko kwenye orodha ya kwenda Marekani. Nikiitwa mwaka ujao, grivilea zangu atakata nani?"

Mzee na mama walikuwa wanaogopa kitu kilekile, kila mmoja kutoka upande wake. Tulikaa hadi jua likazama. Tulichokubaliana kiliandikwa kwenye ukurasa mmoja, kwa Kinyankole na Kiswahili: ardhi ni ya serikali na mti hauibadilishi, matawi, nguzo na matunda ni ya aliyepanda, akiondoka atamwachia mtu anayemtaja mbele ya macheyamani wote wawili, na miche ya kitalu itagawiwa pia kwa wenyeji, kwa masharti sawa. Mzee alitia dole gumba. Alichukua musambya kwa ajili ya boma lake.

Wazo la kuandikiana halikuwa langu peke yangu. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya Uganda ya mwaka 2003 inairuhusu serikali kuingia mkataba na wanavijiji juu ya kutunza msitu pamoja, na tulikuwa tumepeleka kamati yetu Rwoho kujionea. Msitu wa Rwoho, magharibi mwetu, ulikuwa umeachwa nyasi tupu. Mamlaka ya Misitu, NFA, ikapanda misonobari pamoja na miti ya kienyeji, na wanavijiji wakapewa sehemu ya kupanda miti yao ndani ya hifadhi. Mwaka 2009 mradi huo ulisajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto kuuza hewa ya ukaa, wa kwanza wa upandaji miti barani Afrika kufika hapo. Wajumbe wetu hawakuuliza sana habari za hewa. Waliuliza kuona karatasi: nani amesaini, nani anavuna, moto ukitokea nani anazima. Mwanakijiji mmoja wa huko aliwajibu kuwa moto unazimwa na yule mwenye mti ndani.

Miaka yangu ya karibuni imekuwa zaidi Mbarara, mji uliofanywa jiji mwaka 2020. Ninapanga chumba, nafundisha vijana, na naitwa kwenye mikutano ya mto Rwizi. Mto huu unatoka vilima vya Buhweju, unaunywesha mji, kisha unaingia kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, eneo oevu lililowekwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Kandokando yake watu wamechimba mchanga, wamefyatua matofali na kupanda mikaratusi hadi kwenye tope, kwa sababu nguzo zina soko. Sina chuki na mkaratusi. Umewalisha wakulima wangu wa Kivu. Lakini mahali pake ni kilimani, na kwenye kinamasi ni wizi wa maji ya aliye chini. Aliye chini ni Nakivale.

Yule mama wa orodha aliitwa, akaenda. Ukurasa wake ulimtaja jirani, Mrundi mjane. Miti ilipofikia unene wa kuuzika mjane alipunguza nguzo, akaziuza, akalipa karo, na hakuna aliyemsumbua kwa sababu macheyamani wote wawili walikuwa na nakala. Wapo pia waliohamishwa viwanja pasipo ukurasa wowote, na miti yao ikakatwa na wengine. Hao hawapandi tena, na siwalaumu.

Ninachoomba sasa, kwa barua na kwa mdomo, ni kwamba ukurasa ule uwe kanuni ya makazi yote ya wakimbizi Uganda, uliosainiwa na ofisi yenye nguvu kuliko macheyamani wawili wenye moyo mwema. Nimeupeleka wilayani, nimeupeleka Kampala. Nimejibiwa kuwa unashughulikiwa. Mvua za Septemba zikianza tutagawa miche Juru, na kila kiriba kitatoka kitaluni na karatasi yake.