Kipande cha Mwisho cha Safari
Juni 2015 nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kuoa Litumbandyosi, wilayani Mbinga, nikiwa msimamizi wake. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea, kupitia Iringa, Makambako na Njombe, ni zaidi ya kilomita 900 za lami. Tulipoiacha lami Kitai, tukala vumbi, tukipishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Kipande hicho kifupi ndicho kilichotuchosha.

Harusi ilifana. Lakini sisi wageni tulipita njia ile tukiwa na furaha. Mama mjamzito huipita akiwa na uchungu. Ndugu msomaji, wilaya inayotoa makaa ya mawe na kahawa haiombi fadhila inapodai barabara. Inadai haki yake.