Kile Kikopo Kilicho Chini ya Boneti ya Forester



Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa upole wake. "Mchungaji, hicho kikopo kipya kwa injini ni cha nini? Si ni vitu vya vijana wa mbio?" Swali ni halali kabisa. Forester hiyo mliichanga nyinyi. Kuna mama aliuza mbuzi, na kuna kijana wa boda alitoa mapato ya siku nzima bila kubakisha. Shilingi ikitumika kwa gari hilo, wenye shilingi waelezwe.

Kinaitwa kechi keni. Ni kikopo cha kunasa oili.

Hakuna injini isiyovuja ndani kwa ndani. Petroli ikiungua juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kule chini oili inakozunguka. Inachanganyika na mvuke wa oili, maji na petroli ambayo haikuungua. Lazima itoke, maana ikibanwa inasukuma oili nje kupitia sili. Zamani ilimwagwa tu hewani kwa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California kule Marekani, lililokuwa limechoka na moshi wa magari, likadai gesi hiyo irudishwe kwa injini ichomwe. Ndiyo maana gari lako lina vali ya PCV, hata kama hujawahi kuisikia.

Sasa ongeza turbo. Ukiendesha polepole, manifoldi inavuta na gesi inapita kwenye vali ya PCV vizuri. Ukikanyaga, turbo inajaza manifoldi hewa kwa presha, vali inajifunga, na gesi inatafuta njia ya pili: mpira unaoingia mbele ya turbo. Turbo inaimeza pamoja na ule mvuke wa oili, na oili inabaki imepaka kuta za intakula. Ile inayofika kwenye silinda inaifanya petroli iwe rahisi kulipuka kabla ya wakati wake, na injini ya turbo ikianza kugonga hivyo, pistoni ndizo zinaumia.

Ninyi mnaijua safari yetu ya mazishi na mikutano: Nairobi hadi Eldoret, watu watano ndani, spika nyuma, na ule mpando wa Timboroa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, turbo inafanya kazi muda mrefu bila kupumzika. Si gari la mbio, lakini linatumikishwa.

Tena Forester yetu ni XT ya 2014. Zile za zamani, kama SG5, zinanyunyiza petroli nyuma ya vali za kuingiza hewa, kwa hivyo vali zinaoshwa kila mara. Hii yetu inanyunyiza ndani ya silinda moja kwa moja. Hakuna kinachoosha vali. Oili inayofika pale inaokwa na joto, inakuwa kaboni ngumu, na siku moja lazima manifoldi ivuliwe vali zikwanguliwe. Kazi hiyo inalipiwa, na mnajua nani angeombwa mchango. Mwenye SG5 kikopo kinaweza kumsaidia pia kwa mambo ya intakula na kugonga, ila haraka yake si kama yangu.

Kabla ya kununua chochote, fundi wetu alipima kompreshani ya silinda zote nne. Hapa nataka vijana wasikie vizuri. Kama ringi zimekwisha, kikopo kitajaa kila wiki na utafurahi kwamba kinafanya kazi, kumbe injini inakufa. Kikopo hakitibu. Angalia pia vali ya PCV, maana ikikwama, oili itaendelea kutupwa hata uweke kikopo cha dhahabu. Zetu zote zilikuwa sawa, ndipo tukaenda Kirinyaga Road.

Huko vikopo vipo vingi na vinang'aa. Vyekundu, vya buluu, vimeandikwa majina makubwa. Nilimwomba muuzaji mmoja anifungulie kifuniko, akasita kidogo, akafungua. Ndani mlikuwa patupu! Matundu mawili juu, basi. Gesi inaingia kwa tundu moja na kutoka kwa lingine na oili yake. Kingine kilikuwa kimeshindiliwa ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria. Hicho ni hatari kuliko kilicho tupu, kwa sababu vipande vikikatika vinavutwa hadi kwenye turbo, na panga za turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Tulichochukua kina kuta ndani zinazolazimisha gesi igeuke, na wavu mzito uliofungwa imara ambapo matone yanashikana na kudondoka. Matundu yake si membamba kuliko mipira ya gari, kwa sababu njia ikibanwa presha inarudi tumboni mwa injini. Mipira ni ile inayostahimili oili na joto, si ya maji, ambayo huvimba na kulainika. Chini kuna koki ya kumwagia. Rangi yake ni nyeusi, haivutii hata kidogo.

Fundi mmoja alishauri tuweke chenye kichujio juu, kipumue nje tu. Nilikataa. Harufu ile inaingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, na nabeba wazee na watoto wenye pumu. Chetu kinarudisha gesi iliyosafishwa mahali ilikokuwa ikienda tangu mwanzo, na kimefungwa mbali na turbo, kwa sababu kikipoa ndipo mvuke unageuka matone.

Baada ya safari ya kwanza ya Eldoret tulipata kama vijiko vitatu, kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Dada mmoja alishtuka, akadhani gasketi ya hedi imeungua. Baridi ya juu kule huleta maji mengi kwenye mvuke. Pima maji ya rejeta. Kama hayapungui na oili kwenye kijiti ni safi, tulia.

Ninakimwaga kila mwisho wa mwezi na kabla ya safari ndefu, kwa sababu kikijaa, injini itavuta yote kwa mkupuo mmoja. Na usimwage kwenye mtaro. Mimi napeleka kwa pipa la oili chafu la fundi, na risiti ya kikopo iko kwa mweka hazina, mtu yeyote aitake aione. Jumamosi tunatoka saa kumi na moja alfajiri, wale wa kwaya msichelewe.